Mchwa, Kumbikumbi na Uyoga: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Uainishaji wa Viumbe Hai kwa Kurejelea Itetemia, Tabora

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika kufundishia uainishaji na mpangilio wa viumbe hai. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa msamiati huu haumo katika maneno ya mkopo kama spishi, jenasi na faila, ambayo ndiyo hulaumiwa mara nyingi, bali katika maneno ya kawaida kama mnyama, mdudu na mmea, ambayo yamepewa maana ya kisayansi bila maana ya awali kutajwa wala kuwekewa mpaka. Sarufi ya Kiswahili nayo, kupitia upatanisho, ina uainishaji wake ambao wakati mwingine hukinzana na ule wa biolojia. Mifano imetolewa katika mazingira ya Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora iliyokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, kwa kuwa hapo Kiswahili cha pwani, Kinyamwezi na Kilatini cha wanasayansi vimekutana kwa zaidi ya karne moja na nusu. Makala yanapendekeza kwamba mpangilio wa vyanzo vya istilahi utazamwe upya, na kwamba kamusi na vitabu vya kiada vitenganishe waziwazi maana ya mazoea na maana ya kibiolojia.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka huohuo Carl Woese na wenzake walipendekeza kwamba viumbe hai wote wagawanywe katika makundi makuu matatu yaliyo juu ya himaya, yaani bakteria, akea na yukariota. Matukio haya mawili hayahusiani, lakini kuyaweka pamoja kunasaidia kuona ugumu wa kazi ya mwanaistilahi. Wakati Kiswahili kinasanifisha majina ya ngazi za uainishaji, ngazi zenyewe zilikuwa zinapangwa upya. Linnaeus aliwagawa viumbe katika himaya ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1969 Whittaker alipendekeza himaya tano. Mwaka 1990 ikaongezwa ngazi nyingine juu yake. Uainishaji wa viumbe ni nadharia inayobadilika kila ushahidi unapobadilika, na istilahi zake haziwezi kuchukuliwa kama orodha ya majina iliyokamilika.

Mjadala wa istilahi za Kiswahili kwa muda mrefu umejikita katika njia za uundaji. Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992), katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, waliweka misingi ambayo vizazi vya wanafunzi vimeitumia: uambishaji, uambatanishaji, utohozi, tafsiri mkopo, upanuzi wa maana na kadhalika. Swali lililoulizwa mara nyingi ni: neno limeundwaje, na je, linakubalika? Swali ambalo halijapewa uzito unaolingana ni lingine: neno hilo linapofika kwa mwanafunzi, linakuta nini? Katika fani nyingi istilahi hufika mahali palipo wazi. Mwanafunzi hana neno la awali la elektroni wala la alkali. Kwa viumbe hai hali si hiyo. Kabla ya kuingia darasani, mtoto tayari anajua ndege ni nini, mdudu ni nini, mti ni nini, na lugha yake imekwisha kumpangia dunia. Istilahi ya biolojia huingia katika nyumba yenye wenyeji.

Makala haya ni ya uhakiki wa msamiati, na data zake ni maneno yanayojulikana katika kamusi, vitabu vya shule na maandishi ya jumla ya Kiswahili. Itetemia imetumiwa kama mahali pa kuyatazamia maneno hayo.

2.0 Itetemia: Njia Panda ya Majina

Itetemia inafahamika katika historia kwa ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Si mbali na hapo ipo Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho, na Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa pwani ambayo baadaye yakawa mji wa Tabora. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kuelekea Ujiji au Karagwe. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi, na Kiswahili kikaja nao.

Kila kundi lililopita lilikuja na namna yake ya kuwaainisha viumbe. Mfanyabiashara alimtazama tembo kupitia pembe zake, na kamusi za Kiswahili bado zinahifadhi maneno kama buri na kalasha kwa pembe ndogo, ilhali tembo mwenyewe kama mnyama mwenye ukoo na makazi hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Mwanasayansi wa Ulaya alikuja na namna nyingine. Speke na Grant walikaa Kazeh mwaka 1861, na mimea iliyokusanywa katika safari yao ilikuja kuchapishwa London na Chama cha Linnaeus katika miaka ya 1870. Mzuolojia Mjerumani Richard Böhm aliishi Kakoma na Igonda, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafariki Katanga mwaka 1884. Jina lake limebaki katika punda milia wa nyanda hizi, Equus quagga boehmi, katika ndege mla nyuki Merops boehmi, na katika mti Brachystegia boehmii.

Mti huo wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Wanyamwezi huuita muyombo. Katika msitu huohuo upo mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, na upo mninga, Pterocarpus angolensis, ambao mbao zake zinajulikana nchi nzima. Kwa umbo la wingi la jina hilo, linalopatikana pia katika lugha nyingine za Kibantu za ukanda huu, dunia ya ekolojia imepata neno miombo, linalotumika katika maandishi ya lugha nyingi kutaja misitu inayoanzia Tanzania hadi Angola na Msumbiji. Kwa hiyo jina moja la Kibantu limeingia katika sayansi ya dunia bila kupitishwa na kamati yoyote ya istilahi, kwa sababu lilitaja kitu ambacho Kilatini hakikuwa na neno moja la kukitajia: si spishi, si jenasi, bali jamii nzima ya miti inayokua pamoja.

Mwanafunzi wa Itetemia, hata hivyo, akikutana na neno mtundu katika Kiswahili sanifu atapata maana ya mtoto mkorofi. Maana ya mti imebaki nje ya lango la shule. Jambo hili linaonyesha kwamba utajiri wa majina ya viumbe katika lugha za bara haujatumika ipasavyo kukijaza Kiswahili, ambacho majina yake mengi ya viumbe yalikusanywa kwa jicho la pwani. Kiswahili kina neno kwa kila hatua ya ukuaji wa nazi, kuanzia kidaka, kitale, dafu, koroma hadi nazi yenyewe, lakini miti ya miombo inayozunguka Tabora mara nyingi hutajwa kwa ujumla tu kuwa ni miti ya porini.

3.0 Ngazi za Uainishaji: Lawama Isiyostahili

Ngazi za uainishaji katika maandishi mengi ya Kiswahili ni himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Wahakiki wa istilahi hupenda kuanzia hapa, na malalamiko yao yanajulikana: kwamba faila, oda, jenasi na spishi ni maneno ya kigeni yaliyovikwa irabu, yasiyomwambia Mswahili chochote.

Malalamiko hayo ni ya kweli kuhusu umbo, lakini yanakosea kuhusu athari. Neno spishi halimwambii mwanafunzi chochote, na hiyo ndiyo faida yake. Akilisikia, anajua hajalijua. Atauliza, atafafanuliwa kwamba ni kundi la viumbe wanaoweza kuzaliana na kupata uzao unaoweza kuzaa, na maana hiyo itakaa peke yake bila kugombana na nyingine. Mkopo mtupu huchukua maana iliyotiwa ndani yake. Kwa kigezo hiki, spishi, jenasi na faila ni istilahi nzuri, ingawa si maneno mazuri.

Hali ya ngazi nyingine ni tofauti kidogo. Oda imekwisha kuingia mitaani kwa maana ya agizo la bidhaa au chakula. Familia inatumika kwa baba, mama na watoto, hivyo mwanafunzi anaposoma kwamba simba na paka wa nyumbani wako katika familia moja, picha ya kwanza inayomjia ni ya nyumba na wala si ya nasaba. Himaya ni neno la utawala: Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Sitiari hizi, hata hivyo, hazina madhara makubwa. Zimerithiwa kutoka Kilatini cha Linnaeus, ambacho nacho kilikopa lugha ya ufalme na ukoo, na umbali kati ya maana mbili ni mkubwa kiasi cha kutomchanganya mwanafunzi kwa muda mrefu. Hakuna mtoto atakayetoa jibu la mtihani kwamba simba anaishi na paka.

Neno ngeli linahitaji maelezo zaidi, hasa kwa wasomaji wa isimu. Wataalamu wengi hulitaja kuwa na asili ya Kihaya, likiwa na maana ya aina. Lilichukuliwa na wanasarufi kutaja makundi ya nomino, na baadaye likatumiwa katika biolojia kutaja ngazi iliyo kati ya faila na oda, kwa mfano ngeli ya mamalia au ya reptilia. Ni mfano mzuri wa Kiswahili kukopa kutoka lugha nyingine ya Kibantu na kufaulu. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa darasa la sita analisikia neno hilo katika vipindi viwili siku moja. Katika kipindi cha Kiswahili, kipepeo yupo katika ngeli fulani kwa sababu ya kiambishi au ya upatanisho. Katika kipindi cha sayansi, yupo katika ngeli ya wadudu kwa sababu ya miguu sita. Bahati mbaya mgongano huu haujatumika kama nafasi ya kufundishia, maana hakuna njia bora ya kumwonyesha mtoto kwamba uainishaji hutegemea kigezo kuliko kumwonyesha kiumbe mmoja akiainishwa kwa vigezo viwili.

4.0 Maneno ya Nyumbani Yaliyohamishwa

Uzito wa tatizo uko kwa maneno ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. La kwanza ni mnyama. Katika Kiswahili cha kila siku, mnyama ni kiumbe mwenye miguu minne na manyoya: mbuzi, fisi, swala. Kuku ni ndege, sato ni samaki, nyoka ni nyoka. Binadamu si mnyama, na kumwita hivyo ni kumtukana. Katika biolojia, wote hawa ni wanyama, pamoja na konokono, mbu na minyoo.

Nadharia ya uainishaji wa kijadi inasaidia kueleza kilichotokea. Berlin (1992) anaonyesha kwamba katika lugha nyingi za dunia kitovu cha uainishaji wa viumbe ni majina ya aina mahususi, kama vile fisi, kunguru au mninga. Juu yake kuna majina machache ya maumbo ya jumla kama ndege, samaki na mti. Na ngazi ya juu kabisa, ile inayojumuisha wanyama wote au mimea yote, mara nyingi haina jina. Kiswahili kinafuata mpangilio huu. Mnyama ni jina la umbo la jumla, lililo sambamba na ndege na samaki. Wanaistilahi walipohitaji jina la himaya nzima, walilipandisha neno hili hadi ngazi ya juu kabisa bila kuliondoa mahali pake pa awali. Matokeo yake ni kwamba sentensi “ndege si mnyama” ni sahihi katika Kiswahili na ni kosa katika sayansi ya Kiswahili.

La pili ni mdudu. Matumizi yake ya mazoea ni mapana kuliko ya mnyama: mbu, buibui, tandu, kupe, jongoo, mnyoo, hata vimelea vya magonjwa visivyoonekana. Biolojia imelifunga neno hili kwa ngeli moja tu, ya viumbe wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Hivyo buibui, mwenye miguu minane, anafukuzwa, tandu na jongoo wanafukuzwa, kupe anafukuzwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba buibui ni mdudu anakosa alama, ingawa hajakosea Kiswahili chake. Amepewa kosa ambalo hakuambiwa limeanza lini. Inafaa kutambua kwamba hapa mkopo ungesaidia: kama ngeli hiyo ingeitwa insekta, mdudu angebaki na upana wake, na swali la kama buibui ni insekta lingekuwa swali la kweli la sayansi.

La tatu ni mmea. Neno hili limetokana na kitenzi mea, na mantiki yake ni ya wazi: chochote kinachoota ardhini ni mmea. Kwa mantiki hiyo uyoga ni mmea, kwa kuwa huota baada ya mvua. Jikoni ni mboga, kwa kuwa huliwa na ugali, kama vile nyama na dagaa zinavyoweza kuwa mboga katika matumizi ya bara. Katika biolojia ya leo uyoga hauko katika himaya ya mimea wala haukaribiani nayo. Fungi wana himaya yao, na kinasaba wako karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Hakuna kitu katika umbo la neno mmea kinachoweza kumwongoza mwanafunzi kwenye ukweli huo. Ni lazima aambiwe.

Hali hiyohiyo hujitokeza katika mpangilio wa ndani ya kiumbe, ingawa kwa kiwango kidogo. Ngazi za seli, tishu, ogani na mfumo zimeelekea kutumia mikopo, na zimefanikiwa kwa sababu hiyo. Mbadala wa seli, yaani chembe hai, unaeleweka haraka lakini unaleta chembe za fizikia mlangoni. Kiini cha seli kinashirikiana jina na kiini cha atomu na kiini cha yai. Ogani imeshinda kiungo kwa haki, kwa kuwa kiungo katika mazoea ni mkono au mguu, pia ni sehemu ya mwili inapokunjwa, na jikoni ni iliki na mdalasini. Ini si kiungo kwa mtu asiyekwenda shule. Ni ogani kwa aliyekwenda.

5.0 Kichuguu kama Darasa

Mfano ulio wazi zaidi wa mgongano wa mifumo miwili unapatikana katika kichuguu, kitu kisichokosekana katika mashamba na misitu ya Tabora. Kiswahili kinataja vitu vitatu vinavyotoka humo. Kuna mchwa, wanaokula mbao za nyumba na kulaumiwa kwa uharibifu. Kuna kumbikumbi, wanaoruka kwa mbawa mwanzoni mwa mvua, wakakusanywa, wakakaangwa na kuliwa. Na kuna uyoga unaochipuka juu ya kichuguu au kandokando yake baada ya mvua, ambao nao ni chakula kinachopendwa.

Kwa lugha, ni vitu vitatu vyenye majina matatu yasiyohusiana. Mchwa ni adui, kumbikumbi ni kitoweo, uyoga ni mboga. Kwa biolojia, ni viumbe wa aina mbili tu. Kumbikumbi ni mchwa: ni wale walio tayari kuzaa, dume na jike, wanaotoka kwenda kuanzisha makoloni mapya. Na uyoga wa jenasi Termitomyces hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu. Mchwa hupeleka majani na mbao kwenye bustani zao za chini, fungi huvunjavunja selulosi, na mchwa hula matokeo yake. Vitu viwili vinavyoonekana kuwa tofauti kabisa ni spishi moja, na kitu kinachodhaniwa kuwa mmea uliojiotea ni mshirika wa mchwa kutoka himaya nyingine.

Kiswahili hakikukosea hapa. Kimeainisha kwa umbo, kwa msimu na kwa matumizi, kama kinavyofanya kwa mpunga, mchele na wali, au kwa kiwavi na kipepeo, au kwa kiluwiluwi na chura. Biolojia inaainisha kwa nasaba. Mtu anayeishi na kichuguu ana sababu nzuri ya kutofautisha kinachokula mlango wake na kile anachokula yeye. Lakini dhana ya spishi, ambayo mwanafunzi anaipata kama neno la mkopo lisilo na kitu, ingeweza kujazwa maana kwa mfano huu mmoja kuliko kwa kurasa nyingi za ufafanuzi. Kitabu cha kiada kinachofafanua spishi kwa mfano wa farasi na punda, ambao hawaonekani sana Itetemia, kinaacha mfano bora nje ya dirisha la darasa.

Hoja hii inaweza kupanuliwa kwa nyuki. Tabora inajulikana kwa asali, na mjini hapo kipo chuo cha ufugaji nyuki. Kiswahili kinatofautisha nyuki wa kawaida na nyuki wadogo wasiouma. Kwa umbo la lugha, wa pili ni aina ya wa kwanza: nomino moja na kivumishi. Kwa biolojia, nyuki wasiouma hawako katika jenasi Apis kabisa. Jina la maneno mawili katika lugha ya mazoea halimaanishi kile ambacho jina la maneno mawili linamaanisha kwa Linnaeus, na hilo nalo linahitaji kusemwa.

6.0 Upatanisho kama Uainishaji

Hata kama istilahi zote zingerekebishwa, sarufi ingebaki. Kiswahili huwapa viumbe wenye uhai wa kiwanyama upatanisho wa A-WA bila kujali viambishi vya nomino: kipepeo huyu, ng'ombe wale, kiboko amekuja. Wald (1975) alijadili upatanisho huu katika lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini mashariki, na Contini-Morava (1994) ameonyesha kwamba ngeli za nomino za Kiswahili zina misingi ya kisemantiki inayoweza kuelezwa. Kwa mjadala huu, jambo muhimu ni mahali ambapo mstari umechorwa. Sarufi hutenganisha watu na wanyama upande mmoja, na mimea pamoja na vitu upande mwingine. Biolojia huchora mstari wake wa kwanza kati ya kilicho hai na kisicho hai. Mti ni hai, lakini sarufi inauweka pamoja na mkeka na mlango.

Matokeo yake yanaonekana katika kirai kinachobeba somo lenyewe: viumbe hai. Maandishi ya Kiswahili yana “viumbe hai wote” na yana “viumbe hai vyote”. Umbo la kwanza linaivuta mimea upande wa wanyama. La pili linawashusha wanyama upande wa vitu. Hakuna upatanisho wa tatu ambao ungekuwa wa uhai pekee. Mwandishi wa kitabu cha kiada analazimika kuchagua, na mara nyingi huchagua yote mawili katika ukurasa mmoja.

Kwa viumbe wadogo, hali inavutia zaidi. Bakteria hupewa mara A-WA, mara upatanisho wa vitu. Virusi, kwa upande mwingine, imechukuliwa kana kwamba ina kiambishi vi-, hata umoja wake ukawa kirusi, na upatanisho wake umetulia katika KI-VI: virusi vya Ukimwi, virusi vya korona. Uchambuzi huu wa kimofolojia ulitokana na mlio wa neno tu, lakini umetoa matokeo ambayo mwanabiolojia angeyapenda. Virusi haijiendeshi nje ya seli, haina umetaboli wake, na wanasayansi wengi hawaihesabu kuwa kiumbe hai kamili. Mwanafunzi anayesema “virusi hivi” anasema, bila kujua, jambo linalokaribia msimamo huo. Uyoga, uliowekwa na sarufi pamoja na ugali na uji, haukubahatika hivyo.

Haipendekezwi hapa kwamba sarufi ibadilishwe kwa amri. Sarufi haiagizwi. Kinachopendekezwa ni kwamba mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili watambue kuwa kila sentensi kuhusu kiumbe tayari imebeba uamuzi wa kiuainishaji, na kwamba uamuzi huo si wa biolojia.

7.0 Hoja Pinzani

Inaweza kupingwa kwamba lugha zote zimepitia njia hii. Nyangumi alikuwa samaki katika lugha nyingi za Ulaya, na Linnaeus mwenyewe alimhamishia kwa mamalia katika toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758. Wazungumzaji wa Kiingereza na Kijerumani nao wana maneno ya mazoea yasiyolingana na ya sayansi, na hawakuhitaji kubadili kamusi zao. Kwa nini Kiswahili kilaumiwe kwa hali ya kawaida?

Pingamizi hili lina nguvu, na linaondoa wazo kwamba Kiswahili kina upungufu wa asili. Lakini halizingatii mazingira ya shule. Mwanafunzi wa Kijerumani anayejifunza kwamba nyangumi si samaki hujifunza hivyo katika lugha ileile, na huendelea nayo hadi chuo kikuu. Maana mbili za neno hupata miaka ya kupatanishwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma Tanzania hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha katika kidato cha kwanza somo hilohilo huanza kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini Kiingereza bado ndicho lugha ya kufundishia biolojia sekondari. Hivyo mgongano kati ya mdudu wa nyumbani na mdudu wa kitabuni hukatizwa kabla ya kutatuliwa. Kinachobaki kwa Mtanzania aliyemaliza darasa la saba Itetemia na kurudi shambani ni maana ya nyumbani pamoja na kumbukumbu kwamba shule ilisema vingine. Huyu ndiye atakayesoma maelekezo ya dawa ya mimea, tangazo la afya kuhusu vimelea, au kanuni za hifadhi ya msitu wa miombo. Usahihi wa istilahi ni kwa ajili yake kabla ya kuwa kwa ajili ya chuo kikuu.

Pingamizi la pili ni la kiitikadi: kwamba kupendelea mkopo, kama insekta, ni kurudi nyuma katika kazi ya kukijenga Kiswahili kutokana na Kiswahili. Utaratibu unaotajwa mara nyingi wa vyanzo vya istilahi huanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, hufuata lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Uhakiki huu haupingi utaratibu huo kwa ujumla. Unasema kwamba utaratibu unaofaa kwa fani zisizokuwa na wenyeji unaweza kudhuru mahali ambapo neno la Kiswahili tayari lina kazi. Kumpa mnyama au mdudu kazi ya pili ni kulipunguza neno la Kiswahili, si kulikuza. Na hatua ya pili ya utaratibu huo, yaani lugha za Kibantu, ndiyo iliyotumika kidogo kuliko inavyostahili pale ambapo ingefaa zaidi: katika majina mahususi ya miti, ndege na wadudu wa bara.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi za uainishaji wa viumbe hai zinapaswa kupimwa kwa swali la kile zinachokikuta akilini mwa msomaji, pamoja na swali la namna zilivyoundwa. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kwa majina ya ngazi na ya makundi makubwa, mkopo uliotoholewa usionekane kuwa kushindwa; mara nyingi ni safi kuliko neno la nyumbani lililohamishwa. Pili, kwa majina mahususi, kamusi za Kiswahili ziyapokee majina ya lugha za bara, ya Kinyamwezi yakiwemo, yakiambatana na jina la kisayansi, ili muyombo na mtundu vipate nafasi kando ya mnazi na mkoko. Tatu, pale ambapo neno la kawaida limekwisha kupewa maana ya kisayansi na haliwezi kurudishwa, kama mnyama, mdudu na mmea, kidahizo kitenganishe maana mbili kwa namba na kwa alama ya fani, na kitabu cha kiada kiseme waziwazi: nyumbani neno hili lina maana hii, na katika somo hili litakuwa na maana ile.

Pendekezo la tatu halihitaji bajeti wala kamati mpya. Linahitaji mwandishi wa kitabu akubali kwamba mtoto anayesema buibui ni mdudu ana uainishaji wake, wenye mantiki, uliotangulia wa kitabu. Akishakubali hilo, anaweza kuanza kufundisha kutoka hapo.